Kujifukiza: mvuke ni mbali, moshi ni mbali

Amka asubuhi Mji wa Kale, Mombasa, ukipiga chafya mfululizo, macho yanakuwasha, na lazima mtu atakwambia: "Jifukize." Maana yake ni uvute mvuke wa majani yaliyochemshwa, umejifunika shuka au leso mbili. Tanzania huitwa kupiga nyungu. Majani huwa ya mkaratusi, kivumbasi au mchaichai, pengine na tangawizi iliyopondwa. Sufuria huepuliwa ikawekwa sakafuni, nawe ukaketi juu ya kibao cha mbuzi, ukainama, ukavuta taratibu mpaka jasho lidondoke kutoka ncha ya pua. Ukijifunua, kamasi zimelainika na pua imezibuka.

Imezibuka kwa muda. Mzio, au aleji kama wengi tunavyosema, si uchafu ulioganda puani. Ni mwili kudhani vumbi au chavua ni adui, ukamwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayowasha na kuvimbisha pua kwa ndani. Mvuke hauizuii histamini. Unalowesha na kulainisha tu. Si haba, lakini si tiba.

Kinachochanganya ni neno lenyewe. Kufukiza pia ni kutia udi au ubani kwenye chetezo chenye makaa, nyumba nzima inukie. Huo sasa ni moshi, na kwa mwenye mzio au pumu moshi humchokoza. Nimeshuhudia mtu aliyebanwa kifua akizungushiwa chetezo kwa huruma kabisa. Kikohozi kikazidi, na waliomzunguka wakaongeza ubani.

Hata mvuke una mahali pake. Kwa unyevunyevu huu wetu wa pwani, usijifukize kila siku katika chumba cha kulala kilichofungwa madirisha. Ukungu na vijidudu vya vumbi vya godoroni hupenda unyevu, na mara nyingi hao ndio waliokuanzishia chafya.

Mtoto mdogo asiinamishwe juu ya sufuria ya moto. Maji yakimwagika, jambo la chafya litageuka jambo la kuungua. Na mwenye pumu, harufu kali ya mkaratusi yaweza kumbana zaidi. Kifua kikianza kulia kama filimbi, leso zitolewe, apewe dawa yake ya kuvuta aliyoandikiwa na daktari, na asipopata nafuu upesi akimbizwe hospitali.