Kifafa na korona: yaliyosemwa kwetu Pemba, na yaliyo kweli

Mdogo wangu ana maradhi ya kuanguka tangu yuko skuli ya msingi. Korona ilipoingia Zanzibar Machi 2020, watu wakaogopa boti na wakaogopa hospitali, na maneno yakawa mengi. Mengine bado nayasikia hapa Wete.

"Hajaanguka miezi mitatu, kesha pona. Asende hospitali kuokota korona."

Hili ndilo lililotuumiza. Kule kutoanguka ndiyo kazi ya dawa yenyewe. Ukiikata ghafla, mtu anaweza kuanguka mfululizo bila kuzindukana, na hali hiyo huua. Sisi tuliacha fenobabitoni, dawa yake ya kifafa, ikatuishia. Siku ya saba aliangukia uani mara nne kabla ya magharibi. Kupunguza dawa ni uamuzi wa daktari, hufanywa kidogo kidogo, na mara nyingi ni baada ya mtu kukaa miaka 2 au zaidi bila kuanguka. Sasa vidonge vikibaki vya wiki mbili tunatoka kuvitafuta, hatungoji kopo lilie.

"Ajifukize kama wenzake."

Mafusho hayaui kirusi cha korona. Na kwa mwenye kifafa, blanketi juu ya sufuria inayochemka ni hatari kubwa: kifafa kikimshika humo, huangukia maji ya moto. Tafadhali msimfanyie.

"Chanjo itamwamshia kifafa."

Kifafa peke yake si sababu ya kukosa chanjo ya korona. Homa ya siku moja mbili inaweza kuja, na homa huchokoza kifafa, kwa hiyo awe na parasetamoli na asiruke dozi yake. Korona yenyewe huleta homa pia, tena kwa siku nyingi zaidi.

"Ramadhani aweke dawa kando."

Mwaka 2020 Ramadhani ilitukuta katikati ya korona, na wengi waliziacha. Dawa nyingi za mara moja au mbili kwa siku huweza kuhamishiwa futari na daku, ila aulizwe daktari kabla ya mwezi kuandama. Kukesha nako huchokoza kifafa. Na mgonjwa ana ruhusa ya kula, imo katika Qur'ani, Sura ya Al-Baqara. Asione haya kuitumia.

"Ni shetani, na povu lake linaambukiza."

Povu ni mate tu, na kifafa hakiambukizi. Korona iliwazidishia watu woga. Walikuwa wakimkimbia akiwa chini. Kombe (maji yaliyooshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa sahanini, akanywa) na dua kwetu hatukuacha, ila vidonge havikosi. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, na tazama saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla ya kuzindukana, tafuta gari, hata kama ni usiku wa manane.