Manowari ya kubeba ndege: yanayosemwa vijiweni Kigoma na ukweli wake

Picha ya HMS Queen Elizabeth au pacha wake HMS Prince of Wales, manowari za Waingereza za kubeba ndege, ikisambaa kwenye simu, ubishi wa vijiwe vya kahawa kuanzia Mwanga hadi Ujiji huwaka upya. Kuna anayeziita fahari ya bure ya Waingereza. Kuna anayeapa kwamba moja tu inaiteka nchi kabla ya adhuhuri. Wote wawili wanatia chumvi. Haya ndiyo madai yanayorudi mara kwa mara, nami nayajibu kadiri yanavyostahili. Mengine ni ya kupita tu.

"Ndege za manowari ni mambo ya bahari za Wazungu, huku kwetu hazijawahi kufika"

Zilifika, tena mapema mno. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, mahali ambapo Waingereza waliokuwa wakiisubiri baharini hawakuweza kuiona. Wakaleta ndege ya kutua majini, ikabebwa na meli iitwayo Kinfauns Castle, ikaruka juu ya mikoko kwenda kuisaka hadi ikaiona. Julai 1915 ndege nyingine zilizoruka kutoka Mafia zikawa zinatazama makombora ya mizinga ya Severn na Mersey, meli za kivita za Waingereza, yanaangukia wapi, na kuwaelekeza wapigaji wasahihishe shabaha. Tarehe 11 Julai Wajerumani wakaimaliza wenyewe manowari yao, ikiwa imeshaharibiwa vibaya. Mizinga yake ikaopolewa, na mmoja ukaletwa kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye Graf von Götzen, meli ya Ziwa Tanganyika ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Wabelgiji waliokuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, waliazimwa na Waingereza ndege nne za kutua majini aina ya Short 827, na Juni 1916 ndege hizo zikadondosha mabomu hapa bandarini. Kutokana na hilo watu husema Liemba ilizamishwa na bomu la ndege. Sivyo. Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao Julai 1916, baada ya kuipaka injini grisi ili isioze, walipoona mji unawaponyoka. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya.

Nimeanza na hayo kwa sababu yanaonyesha kazi ya ndege ya baharini ilivyo mpaka leo: kuona mbali kuliko jicho la nahodha, na kupiga mbali kuliko mzinga wake. Kazi ya kuona watu huisahau kabisa, na huko nitarudi.

"Wameweka rampu mbele kwa sababu teknolojia yao imepitwa na wakati"

Hapa ndipo sauti hupanda. Sitaha ya Queen Elizabeth imeinuliwa mbele. Ndege inakimbia, mwinuko unairusha juu, inaondoka. Wamarekani na Wafaransa hutumia manati: gurudumu la mbele linanaswa, ndege inavutwa hadi zaidi ya kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde mbili au tatu, na ikirudi inanasa waya kwa ndoano ya mkiani. Kuviona viwili hivyo na kusema Mwingereza hajui ni kutomtendea haki. Manati ya mvuke, sitaha ya mshazari, yaani njia ya kutulia iliyokaa pembe, inayotumiwa na Wamarekani wenyewe, na hata hiyo rampu, vyote vilibuniwa Uingereza.

Kilichotokea ni hesabu za fedha. Mpango wa awali ulikuwa kutumia F-35B, ndege inayoruka kwa mwendo mfupi na kutua wima. Oktoba 2010 serikali mpya ikageuza: tunataka manati na F-35C, ndugu yake wa kurushwa kwa manati. Mei 2012 ikageuka tena, maana gharama ya kubadilisha meli moja tu ilikuwa imefika kama pauni bilioni 2. Sababu imo kwenye injini. Meli hizi zinaendeshwa na tabaini za gesi na dizeli, hazina boila, na pasipo boila hakuna mvuke wa kusukuma manati. Yalibaki manati ya sumakuumeme, ambayo Wamarekani wenyewe walikuwa bado wanayajaribu. Wananchi walikuwa wameambiwa meli zimechorwa ili zibadilishike kwa urahisi. Urahisi huo haukuonekana.

Na manati mapya nayo si dawa ya kila kitu. USS Gerald R. Ford ya Marekani, yenye uzito wa tani laki moja na iliyogharimu kama dola bilioni 13, iliingizwa rasmi jeshini Julai 2017, lakini safari yake kamili ya kwanza ilianza Mei 2023, kwa sababu manati, waya za kunasia na lifti za silaha zilisumbua miaka nenda rudi. Hata vyoo! Mwaka 2020 wakaguzi wa serikali yao waliandika kwamba kuzibua mabomba kwa asidi kunagharimu dola 400,000 kila mara.

Rampu hata hivyo ina gharama yake. F-35B ina feni kubwa nyuma ya rubani ya kuinulia ndege, na feni hiyo imekula nafasi ya mafuta: inabeba kama tani 6 wakati F-35C ya manati inabeba kama tani 9. Kwa hiyo haifiki mbali kama mwenzake. Hilo ningelivumilia. Nisilolivumilia ni rada. Ndege ya Hawkeye, yenye rada kama sinia kubwa mgongoni, inarushwa kwa manati na kukaa juu sana kwa saa nyingi, ikiona ndege na makombora yanayokuja chini chini. Wafaransa waliithamini kiasi kwamba manowari yao Charles de Gaulle ilipoonekana fupi kwa Hawkeye, waliirefusha sitaha mita kama nne na ushee. Mwingereza hana manati, basi rada yake ameifunga kwenye helikopta ya Merlin. Helikopta haifiki juu kiasi hicho wala haikai angani muda huo, na rada iliyo chini inaona karibu. Kwangu mimi huu ndio upungufu wa kweli wa meli hizi. Bahati mbaya hauonekani kwenye picha, ndiyo maana hakuna anayeubishia.

"Minara miwili juu ya sitaha ni kosa la mchoraji"

Si kosa. Injini za meli zimetawanywa ili pigo moja lisizime zote, na tabaini zinahitaji mabomba makubwa ya kutolea moshi. Mabomba mawili, minara miwili. Wa mbele unaongoza meli, wa nyuma unaongoza ndege, na mmoja ukiharibika mwingine unaweza kushika kazi.

"Ikiwa ya nyuklia haihitaji kitu chochote kutoka nchi kavu"

Kinu cha nyuklia kinasukuma meli, hakilishi mtu wala hakijazi tangi la ndege. Ford ina vinu viwili, lakini ndege zake zinachoma mafuta ya ndege kama zile zinazotua uwanjani kwetu, na maelfu ya mabaharia wanataka kula kila siku. Lazima meli za mizigo ziifuate. Manowari za Marekani za kundi la Nimitz zikifika katikati ya umri wao wa miaka kama 50 huingia karakana kubadilishiwa nishati, na kazi hiyo hula miaka kadhaa. Kuna na bandari zisizozitaka: New Zealand imezikataza kisheria meli za nyuklia tangu 1987.

Wanaosema manati ya umeme hayawezekani bila nyuklia wajibiwe na Fujian ya China, iliyoanza kazi Novemba 2025. Ina manati ya sumakuumeme na haina kinu.

"Kombora moja tu, habari yake imekwisha"

Mwaka 1967, karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka kwa bahati mbaya juu ya sitaha ya USS Forrestal, manowari ya ndege ya Marekani. Mafuta yakawaka, mabomu yakalipuka moja baada ya jingine, watu 134 wakafa. Meli ilirudi nyumbani, ikatengenezwa, ikatumika hadi 1993. Mwaka 2005 Wamarekani waliichukua manowari yao ya ndege iliyostaafu, USS America, na kuilipualipua kwa makusudi ili wajifunze. Iliwachukua kama wiki nne kuizamisha, tena haikuwa na mtu ndani wa kuzima moto.

Kuna makombora ya China, DF-21D na DF-26, yaliyotengenezwa kwa kuwinda meli kama hizi. Yanaogofya kwa haki. Lakini meli inayokwenda zaidi ya kilomita 50 kwa saa, ndani ya nusu saa inaweza kuwa popote katika duara la kilomita 25 kutoka ulipoiona mara ya mwisho. Lazima iendelee kuonwa, na habari zimfikie mpigaji kwa wakati. Wala haitembei peke yake. Mwaka 2021 Queen Elizabeth ilipokwenda hadi Japani iliongozana na manowari nne za Waingereza za kuilinda, moja ya Marekani, moja ya Uholanzi, nyambizi chini, na meli mbili za mafuta na vifaa.

Basi haizami? Inazama. Wajapani walipoteza nne katika mapigano ya Midway, Juni 1942, kwa sehemu kubwa kwa sababu mabomu ya adui yalizikuta na ndege zilizojaa mafuta na silaha ndani. Adui mkubwa wa manowari ya ndege ni mzigo wake mwenyewe. Zaidi ya hapo, si lazima uizamishe: sitaha ikitobolewa au lifti ikikwama, ndege haziruki, na umebaki na meli kubwa isiyo na kazi. Mwaka 2005 nyambizi ndogo ya Sweden, Gotland, isiyotumia nyuklia, iliipenya ngome ya manowari ya ndege ya Marekani USS Ronald Reagan katika mazoezi na kuhesabiwa kuwa imeizamisha. Nikiwa nahodha ningeiogopa nyambizi kuliko kombora la China.

"Wakishalipia meli wamemaliza"

Meli zote mbili za Waingereza ziligharimu kama pauni bilioni 6.2. Ndani ya fedha hizo ndege hazimo. Meli imechorwa ibebe F-35B 36. Katika safari ile ya 2021 zilikuwa 18, nane za Uingereza na kumi za wanamaji wa Marekani. Mwenye mtumbwi wa dagaa Kibirizi anaijua hali hii: chombo umekipata, nyavu na taa umeazima kwa jirani. Mwisho wa 2025 Prince of Wales iliweza kubeba 24 za Waingereza watupu, na hapo angalau sitaha ilianza kufanana na bei yake.

Na mitambo huchoka. Agosti 2022 Prince of Wales iliharibika shafti ya propela mara tu baada ya kuondoka Portsmouth. Februari 2024 Queen Elizabeth ikazuiwa dakika za mwisho kwenda mazoezi ya NATO kwa hitilafu ya aina hiyo hiyo, pacha wake akaenda badala yake. Ufaransa yenye moja, ikiingia matengenezo haina kitu. Thailand ilipokea Chakri Naruebet mwaka 1997, ndege zake za kivita zikazeeka na kuondolewa, ikabaki meli ya helikopta. Anayesema mwenye manowari ya ndege ni dola kubwa aitazame hiyo.

"Droni zimeshazizika"

Hadi sasa droni zinapanda juu yake. Novemba 2024 droni ya Kituruki TB3 iliruka na kutua kwenye TCG Anadolu, meli ya Uturuki yenye rampu na isiyo na manati. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2023, Waingereza walikuwa wameijaribu droni ya Mojave kwenye Prince of Wales karibu na pwani ya Marekani, nayo ikaruka na kutua bila manati wala waya. Zote hizo ni za kupeleleza na kubeba silaha ndogo. Ninayoisubiri ni ya kubeba rada, ikae juu usiku kucha mahali ambapo Merlin haifiki. Hiyo ndiyo ingewapa Waingereza walichokikosa mwaka 2012.