Achari ya Matango Pembeni ya Nyama Choma: Maswali na Majibu

Achari ya matango si kachumbari tu iliyolala?

Hapana. Kachumbari unakata, unakamulia ndimu, unakula palepale. Achari imelazwa kwenye siki na chumvi, au kwenye maji ya chumvi peke yake mpaka ichachuke. Tango bichi ni maji kwa karibu asilimia 95. Likilazwa hivyo, maji hutoka na chumvi huingia. Kwa hiyo kwenye sahani ihesabu pamoja na viungo, usiihesabu kuwa mboga.

Nina presha. Jumamosi nikienda kula nyama mnadani Msalato, hapa Dodoma, niiache kabisa?

Si lazima, ila piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai. Tango moja la wastani la achari linaweza kubeba gramu 1 hadi 2. Na pale mnadani nyama imeshatiwa chumvi jikoni, halafu kuna kile kirundo cha chumvi pembeni ya sinia ambacho kila mkono unachovya. Kirundo hicho ndicho kinachonitisha kuliko achari. Chagua kimoja. Ukichukua achari, vipande viwili vitatu vyembamba vinatosha. Nafasi iliyobaki jaza kachumbari isiyo na chumvi. Nyumbani, kwenye ugali wa uwele na mlenda, sioni achari inatafuta nini. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Wanasema siki inayeyusha mafuta ya nyama tumboni.

Haiyeyushi. Uchachu unakata kinaa mdomoni tu, na kinaa kikikatika unaagiza nusu kilo nyingine.

Natengeneza mwenyewe. Nizingatie nini?

Tumia siki yenye asidi asilimia 5 (soma lebo), kikombe kimoja kwa kikombe kimoja cha maji. Ikikuzidi ukali, ongeza sukari kidogo. Usiongeze maji, maana uchachu ndio unaozuia vijidudu, wakiwemo wale wa botulizimu ambao sumu yao huua. Chemshia na kuhifadhia kwenye chombo kisicho cha aluminiamu, kwa sababu siki huila. Chupa ya kioo ndiyo nzuri ya kuhifadhia. Weka kwenye friji na utoe kwa uma safi, si kwa vidole. Huna friji? Kwa joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, tengeneza ya kuisha siku hiyohiyo. Ukiona ukungu, utelezi au kifuniko kimetuna, tupa bila kuonja.

Na mwenye vidonda vya tumbo?

Ikimchoma, aache.

Maji yanayobaki kwenye chupa yanafaa kunywa?

Usiyanywe, chumvi imo humohumo. Chota kijiko kimoja utie kwenye kachumbari ya watu wanne, kisha kichupa cha chumvi kirudishe kabatini.