Saintpaulia: ua la kivulini kutoka Usambara

Saintpaulia ni mimea midogo ya msituni, laini, isiyo na shina la mti. Majani yake hujipanga duara chini, na maua huwa ya zambarau au samawati, yenye vifuko viwili vya chavua vya rangi ya njano katikati. Ulaya na Marekani huuzwa kwenye vyungu vya dirishani, na wengi wanaoinunua hawajui kwamba asili yake ni Tanga, kwenye milima ya Usambara.

Jina lilitoka kwa Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, aliyeupeleka mmea huu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akauandika kwa jina la Saintpaulia ionantha. Waingereza huuita urujuani wa Afrika, Wajerumani urujuani wa Usambara, kwa kuufananisha na ua la Ulaya liitwalo urujuani. Mimi nawaunga mkono Wajerumani, maana angalau wametaja mahali mmea unakotoka, ingawa hauna undugu na urujuani wa Ulaya. Siku hizi wataalamu wameuingiza katika jenasi (kundi la mimea yenye nasaba moja) ya Streptocarpus.

Usiutafute penye jua kali. Ingia msituni, shuka hadi kwenye kijito, kisha tazama ubavu wa jiwe ulio kivulini. Utaukuta umejishika kwenye ufa wenye mboji kidogo tu ya majani yaliyooza. Gusa jani: ni nene kiasi, na lina malaika kama shavu la mtoto. Hauhitaji udongo mwingi. Unataka hewa yenye unyevu, mwanga uliochujwa na miti mikubwa, na mwamba usiotuamisha maji. Hali hiyo hupatikana katika milima ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima ya Tanzania na Kenya ambamo Usambara imo, na pia kwenye miamba ya chokaa karibu na pwani, hadi Kilifi nchini Kenya.

Ndiyo sababu mtu anaweza kuuua bila kuugusa. Mti mkubwa ukikatwa, jua hulipiga jiwe, unyevu hukauka, na mche hunyauka palepale ulipoota. Usambara Mashariki, hata pale miti mikubwa ilipoachwa, mimea ya chini ilifyekwa ili kupanda iliki.

Aina nyingine zimebaki na kipande kimoja tu cha ardhi. Ile iitwayo teitensis huota porini katika kilima cha Mbololo, Taita, na si kwingineko.