Ofseti ya Rimu: Yale Tunayodanganyana Gereji

Dhana: ET (yaani ofseti) ikiwa ileile, rimu itakaa palepale.

Ile ET45 iliyochorwa nyuma ya rimu ni milimita 45 kutoka mstari wa katikati ya upana wa rimu hadi uso unaolala kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu). Upana wenyewe haiutaji. Toa 6J ET45 (6J ni upana wa inchi 6), funga 8J ET45: umeongeza inchi 2, nazo zinagawana pande mbili, milimita 25.4 nje na 25.4 ndani. Nje utafurahi, ila huko ndani tairi huenda tayari linalamba shokapu. Sasa jaribu 8J ET30: ET imepungua 15, kwa hiyo rimu nzima inatoka nje milimita 15. Ukingo wa nje unasogea milimita 40.4, wa ndani 10.4 tu, na hapo anayepaswa kuogopa ni madigadi. Fundi anayeuliza ET bila kuuliza J, mimi simwachii funguo.

Dhana: rimu isipokaa vizuri, inachongwa tu.

Kukereza uso wa nyuma kunaivuta rimu ndani. Kuitoa nje haiwezekani kwa njia hiyo. Kila milimita inayoondoka inaongeza ET kwa 1, na chuma kinachopungua ndicho kile kile nati zinachokibana.

Dhana: spesa (visahani vya kuweka kati ya rimu na habu) zote ni hatari.

Spesa ya milimita 20 inageuza ET45 kuwa ET25. Gurudumu likisogea nje, mzigo kwenye beringi unaongezeka, lakini rimu yenye ET25 tangu kiwandani ingefanya vivyo hivyo. Hatari kubwa iko kwenye spesa nyembamba zinazovishwa juu ya stadi (boliti za habu) zilezile, kwa sababu zinakula urefu wa meno. Kwa stadi ya M12 (unene wa milimita 12) yenye meno ya 1.5 (milimita 1.5 toka jino hadi jino), nati izunguke walau mara 8 hivi kabla ya kubana. Ikizunguka mara 4, weka stadi ndefu au toa spesa.

Dhana: matundu yakilingana, imeingia.

Baadhi ya Corolla za zamani na Impreza nyingi ni 5x100 (stadi 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 100), na hapo ndipo watu wanapopigwa. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1, habu ya Subaru ni 56.1. Haipiti. Ya Subaru kwenye Toyota inapita, ila inacheza mpaka uweke pete ya katikati. Nati nazo ni tofauti: Toyota meno 1.5, Subaru 1.25. Ukiikaza kwa mashine ya upepo itaingia kwa nguvu, na stadi umeshaiua.