Je, wajua ni kwa nini Spielberg alimpa mchekeshaji nafasi ya Celie?

Wengi wetu Afrika Mashariki tulimjua Whoopi Goldberg kupitia Sarafina! ya mwaka 1992, akiwa Mary Masombuka, mwalimu wa Soweto anayekamatwa na polisi na kufia kizuizini. Wengine walimwona kwanza amevaa mavazi ya utawa katika Sister Act, iliyotoka mwaka huohuo. Kazi aliyoanzia lakini ni uchekeshaji wa jukwaani, yeye peke yake mbele ya watu. Na filamu kubwa ya kwanza aliyopewa, The Color Purple ya mwaka 1985, ilimtaka awe Celie, mwanamke aliyedhulumiwa na kunyamazishwa tangu utotoni. Ilikuwaje Steven Spielberg, mwongozaji wake, amtwishe mchekeshaji mzigo kama huo?

Ukitazama alivyokuwa akichekesha, utaona kwamba Spielberg hakubahatisha.

Alizaliwa New York tarehe 13 Novemba 1955, jina lake Caryn Johnson, akalelewa na mama yake katika nyumba za serikali mtaa wa Chelsea. Alikuwa na disleksia, hali inayofanya kusoma kuwe kugumu hata kwa mtu mwenye akili nyingi, na sekondari aliiacha njiani. Mwaka 1974 alihamia California. Huko alilea binti yake kwa kazi yoyote iliyopatikana: alijenga kwa matofali, aliwapamba maiti kabla ya mazishi, na kuna kipindi aliishi kwa posho ya serikali. Muda uliobaki aliutoa kwa maigizo, kwanza San Diego, kisha Berkeley pamoja na kikundi cha Blake Street Hawkeyes.

Kutokana na kazi hiyo likazaliwa, mwaka 1983, onyesho aliloliita The Spook Show. Halikuwa mfululizo wa vichekesho vya kusimuliwa. Alipanda jukwaani bila mapambo, akawa mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine tena.

Alikuwemo Fontaine, mwizi na mtumiaji wa dawa za kulevya mwenye shahada ya udaktari katika fasihi. Fontaine anasafiri hadi Amsterdam, na watu wanacheka kila hatua ya safari hiyo, mpaka anapoingia katika nyumba alimojificha Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyefia katika kambi ya mateso ya Wanazi. Hapo kicheko kinakatika. Alikuwemo pia mtoto wa kike mweusi aliyejifunika shati jeupe kichwani akisema ndizo nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu, kwa kuwa kwenye televisheni hamwoni mtu anayefanana naye. Mtoto huyo anaeleza, kwa sauti ya kitoto kabisa, jinsi alivyojiloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo ili awe mweupe. Ukumbi unacheka kwa sababu ya ule utoto wake, halafu unatambua kile ulichokicheka.

Huo si ufundi wa kutunga utani tu. Anayeweza kukufanya ucheke na uumie katika sentensi moja tayari ni mwigizaji, hata kama tangazo mlangoni linamwita mchekeshaji.

Mwongozaji Mike Nichols aliliona onyesho hilo New York akalipeleka Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za jiji hilo, katika ukumbi wa Lyceum. Lilianza Oktoba 1984 na kufungwa Machi 1985, baada ya kuonyeshwa mara 156. Rekodi yake ilimpatia tuzo ya Grammy. Wakati huo alikuwa amekwisha kumwandikia barua Alice Walker, mwandishi wa riwaya ya The Color Purple, akimsihi amfikirie ikiwa kitabu hicho kitafanywa filamu. Nafasi yoyote ingemtosha, hata ya vumbi la sakafuni. Walker alikuwa ameshamwona jukwaani. Spielberg naye akamwita aje kumfanyia onyesho lake, na mbele ya wageni wachache, wanamuziki Michael Jackson na Quincy Jones wakiwemo, akapata alichokuwa akikitafuta.

Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba mwanamke aliyezoea kuujaza ukumbi kwa maneno alipewa mtu asiyesema karibu chochote. Mtazame Celie anavyoziba mdomo kwa kiganja kila anapotaka kutabasamu, kwa kuwa ameaminishwa kwamba ni mbaya wa sura. Baadaye Shug, mwimbaji anayekuwa rafiki yake, anauondoa ule mkono. Tukio lote linabebwa na mkono na macho, na ni ufundi uleule wa lile shati jeupe kichwani. Whoopi alipata tuzo ya Golden Globe na kuteuliwa kuwania Oscar. Filamu yenyewe iliteuliwa katika vipengele 11 na haikushinda hata kimoja, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Hollywood ilimpa filamu kama Burglar na Fatal Beauty, zote za 1987, zilizomtaka achekeshe tu, na nyingi zilipita bila kishindo. Walimchukua mchekeshaji wakamwacha yule mwanamke aliyejua kuugeuza ukumbi mzima.

Ghost ya mwaka 1990 ilimrudishia vyote viwili. Watayarishaji walisita kumchukua, na Patrick Swayze, nyota wa filamu hiyo, ndiye aliyeshikilia kwamba anamtaka. Oda Mae Brown ni tapeli anayejifanya kuzungumza na wafu, hadi siku anapomsikia mfu kwelikweli. Anachekesha kwa sababu ana hofu, na tunaiamini hofu hiyo. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 500 duniani, na Machi 1991 Whoopi akatwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Alikuwa mwanamke mweusi wa pili tu kushinda Oscar ya uigizaji. Wa kwanza, Hattie McDaniel, aliipata mwaka 1940.

Mwaka 2002 alitimiza tuzo zote nne kubwa za burudani za Marekani, yaani Emmy, Grammy, Oscar na Tony. Ile Emmy ilitokana na makala ya televisheni aliyoitangaza kama msimulizi, kuhusu maisha ya huyohuyo Hattie McDaniel. Mwaka 2013 alitoa filamu ya kumbukumbu aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Moms Mabley, mchekeshaji mweusi aliyefariki mwaka 1975 na ambaye Whoopi aliwahi kumwigiza jukwaani kule Berkeley, kabla Broadway haijamjua.