Kukarabati nyumba Goma bila kuumiza mazingira: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ushauri mwingi wa "nyumba rafiki kwa mazingira" unaozunguka kwenye simu zetu umeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za theluji: ziba kila ufa, weka vioo viwili dirishani, jaza sufi ukutani. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya digrii mbili kusini mwa Ikweta, na joto lake huzunguka nyuzi 20 mwaka mzima. Hatupashi nyumba moto wala hatulipii kiyoyozi. Tulicho nacho ni mawe ya lava chini ya miguu, volkano zinazotoa gesi, ziwa ambalo ndilo kisima chetu, na makala (mkaa wa kupikia) yanayotoka msituni. Kwa hiyo mtu wa Ndosho au Himbi anayebadili paa au kuongeza chumba ana mawili ya kujiuliza kuhusu kila anachonunua: kimetoka wapi, na kikichakaa au kikimwagika kitaishia wapi. Kwa kipimo hicho, mengi tunayoambiana hayasimami.

"Nyumba ya mbao ni ya kungojea, ya kudumu ni ya saruji"

Maneno haya yana historia yake. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na wengi waliorudi kujenga juu ya mawe hayo walijenga kwa mbao kwa kuwa ndizo walizozimudu. Tangu hapo mbao zikaonekana kuwa alama ya mtu ambaye mambo bado hayajamnyookea.

Kwa upande wa mazingira hesabu ni kinyume. Ili kupata saruji, jiwe la chokaa huchomwa hadi kukaribia nyuzi 1,450, na zaidi ya nusu ya hewa ya ukaa inayotoka hapo haitokani na moto bali na jiwe lenyewe linapovunjika. Saruji peke yake inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na mifuko yetu inafika hapa ikiwa imeshasafiri kwa lori kutoka mbali. Ubao, kwa upande wake, unaendelea kuhifadhi kaboni ambayo mti uliivuta hewani, muda wote nyumba ikisimama. Halafu kuna matetemeko. Baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku nyingi, na kuta za mawe na matofali zisizo na mkanda wa zege juu yake zilipasuka vibaya. Nyumba ya mbao hupinda kidogo, ikarudi.

Ila mbao si njema kwa sababu tu ni mbao. Ubao wa mkalitusi uliopandwa shambani kwa ajili ya kuvunwa si sawa na ubao wa mti wa msitu wa asili ambao hakuna atakayeupanda tena. Muulize maswali muuzaji: mti gani, shamba la nani, upande gani. Akibabaika, nenda kwa mwingine. Na moto ni hatari ya kweli katika karte (mitaa) ambazo nyumba zimeshikana bega kwa bega. Kama ningeulizwa mimi, ningesema: msingi na ukuta wa mawe ya lava mpaka magotini, mbao kuanzia hapo kwenda juu, jiko la mawe matupu lililojitenga. Si ubunifu wangu, mafundi wa hapa wanajenga hivyo kila siku bila kuuita ujenzi wa kijani.

"Mafuta ya vidanji ni dawa ya mbao"

Hili linafanyika kila mahali, nami naelewa sababu: mafuta machafu ya moteri yanapatikana kwa bei ndogo, yanapakwa kwa tambara, ukuta unakuwa mweusi unaong'aa na mchwa wanakaa mbali kwa muda. Lakini mafuta hayo yamebeba chembe za metali na kemikali zinazosababisha saratani. Mvua inayapeleka chini kwenye mawe, watoto wanayagusa, na ukuta ulioloweshwa mafuta unashika moto haraka zaidi. Kinachooza ubao ni maji yanayokaa. Uinue ubao wa chini kutoka ardhini, urefushe paa lifunike ukuta, uache hewa ipite nyuma yake. Dhidi ya wadudu, chumvi ya boraksi iliyoyeyushwa katika maji inafanya kazi, mradi ubao usinyeshewe moja kwa moja, maana mvua huiosha.

Tukiwa kwenye kupaka: rangi isiyonuka si lazima iwe haina sumu. Risasi, metali yenye sumu iliyomo katika baadhi ya rangi, haina harufu. Rangi kuukuu ya mafuta iliyoanza kubanduka isikwanguliwe kavu ndani ya nyumba yenye watoto. Ilowanishe kwanza, watoto wahame, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.

"Mawe ni ya bure, kwa hiyo hayana kosa"

Karibu ni kweli. Jiwe la lava halichomwi, haliagizwi, mara nyingi linatolewa kwenye kiwanja chenyewe ili kukisawazisha. Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inatosha kulifikisha kwa jirani. Kosa huingia kwenye udongo wa saruji unaoshikanisha mawe. Fundi asiyechonga mawe yakakaliana anajaza matundu kwa saruji, na ukuta wa "bure" unameza mifuko mingi kuliko ule wa bloki. Siku moja zaidi ya kuchonga kwa nyundo inaokoa mifuko. Vilevile kokoto nyekundu nyepesi ya volkano ina matundu kama sifongo: usipoilowesha kabla ya kuchanganya, itanyonya maji ya zege na zege halitashika. Wengi hufikiri dawa ya zege dhaifu ni kuongeza saruji. Mara nyingi ni kulimwagia maji kwa wiki nzima likiwa bichi, jambo ambalo hakuna anayelipwa kulifanya, basi halifanyiki.

"Maji ya mvua ni safi kuliko yote"

Kwingine, pengine. Hapa mvua inaweza kupita katika gesi za Nyiragongo na Nyamulagira kabla ya kufika kwenye paa lako, na gesi hizo zina salfa, klorini na floridi. Mvua inashuka ikiwa na asidi, inakula zinki ya manjanja (mabati), kisha inaingia kwenye tanki. Ndiyo maana bati jembamba la namba 32 linaanza kutoboka wakati lile la namba 28 la jirani bado linadai rangi tu (namba ikishuka, bati ni nene zaidi). Kununua bati jembamba mara mbili si kuokoa pesa wala mazingira.

Upande wa kunywa, floridi ndiyo inayosumbua. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na katika maeneo yanayozunguka volkano hizi kuna maji yanayopita hapo. Madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto yanatokana na floridi iliyozidi wakati meno yanajijenga bado ndani ya ufizi. Kuchemsha kunaua kipindupindu lakini hakutoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi inabaki ileile katika maji machache. Klorini nayo haiigusi. Inayoitoa ni mkaa wa mifupa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, au alumina maalumu ya kuchujia.

Je, tuache kuvuna mvua? Hapana, tuigawie kazi yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 linakupa lita 1,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano unabaki na bidoni 40 za lita 20 ambazo hakuna mtoto aliyezibeba kutoka ziwani. Hayo ni ya kufulia, ya choo, ya kupiga deki, ya kumwagilia zege. Ya kunywa yatoke kwenye bomba lililotibiwa.

Na maji ya kwanza ya kila mvua yaende zake, maana ndiyo yanayobeba majivu, vumbi na kinyesi cha ndege. Kabla mfereji haujaingia tankini, weka bomba la PVC linaloshuka wima, lenye kifuniko cha kufungua chini. Bomba la milimita 110 linabeba kama lita nane au tisa kwa kila mita, kwa hiyo mita tatu hazitoshi paa la mita 50. Liunganishe na pipa kuukuu lijae kwanza, ndipo maji yapande kwenda kwenye tanki. Kila mvua ikikata, fungua kifuniko. Usipokifungua, mvua inayofuata itakuta pipa limejaa na uchafu wote utapitiliza.

"Shimo lililopata ufa ni baraka, halijai"

Kila aliyechimba choo Goma anajua furaha hii. Vijana wanapiga patasi na nyundo, jiwe halikubali, ghafla wanafika penye ufa, wanamwaga ndoo ya maji na maji yanatoweka. Mwenye nyumba anashukuru Mungu: choo cha maisha.

Kwenye udongo wa kawaida, maji machafu yanapenya polepole na ardhi inakamata vijidudu vingi njiani. Lava iliyopasuka haichuji, inapitisha. Kinachoingia kwenye ufa kinateremka, na mteremko wa mji huu unaelekea Kivu, ziwa lilelile ambalo pampu zinavuta maji yetu na bidoni zinajazwa ufukweni. Kipindupindu hakijawahi kutuacha muda mrefu, na mashimo haya ni sehemu ya sababu, hata kama hakuna anayependa kusikia hilo kuhusu choo chake.

Kama unakarabati, pesa ya vigae vya bafuni ipeleke kwanza hapa. Fosi (tanki la maji machafu) ya vyumba viwili isiyovuja, iliyopigwa lipu ndani, yenye njia ya gari la kunyonya. Pasipo nafasi ya gari, choo kikavu kilichoinuliwa juu ya ardhi kinakusaidia kukwepa kuchimba: vyumba viwili, mkojo ukienda kando, kijiko cha majivu ya mbabula (jiko la makala) kila baada ya kutumia. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa na kuachwa mwaka mzima au zaidi, kingine kinaanza.

"Nyumba nzuri ni ile isiyopitisha hewa"

Hapa ushauri wa ugenini unaweza kuua. Pwani ya magharibi ya mji, kuanzia Keshero kuelekea Mugunga, ina mazuku: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu, inayotuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi na kuku huanza kufa. Binadamu akiingia penye kiasi kikubwa huzimia ndani ya dakika chache. Katika maeneo hayo usichimbe chumba cha chini, usishushe sakafu ya bafu, na matundu ya hewa yawekwe chini ya ukuta, upande wa mteremko, si juu tu. Kibiriti kuendelea kuwaka si hakikisho kwamba hewa ni salama. Na kote mjini, mbabula ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi nyingine, monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi.

"Umeme wa kupikia ni wa matajiri"

Gunia la makala linaonekana rahisi kwa sababu linauzwa kwa vikopo. Lakini tanuri la udongo la kienyeji linateketeza kilo tano hadi kumi za kuni kupata kilo moja ya makala, na sehemu kubwa ya kuni hizo imetoka katika Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo kukata ni marufuku. Umeme wa kituo cha Matebe kwenye mto Rutshuru, kilichozinduliwa 2015 kikiwa na megawati 13 hivi, unatokana na maji ya eneo hilohilo. Sufuria ya umeme ya mvuke inaivisha maharagi kwa chini ya kilowati-saa moja. Fanya hesabu kwa bei ya mtaa wako kabla ya kusema ni ghali.

Wakati kuta ziko wazi, omba waya wa jiko wa peke yake, wenye fyuzi yake, pamoja na waya wa ardhi. Huo wa ardhi mafundi wengi wanauruka kwa sababu nondo haipigiliki kwenye lava. Basi upitishwe mfereji kuzunguka msingi, waya mtupu wa shaba ulazwe humo na kufukiwa kwa udongo, si kokoto.

Jua libaki msaidizi, na msaidizi anahitajika: mwishoni mwa Januari 2025, wakati wa mapigano, umeme na maji vyote vilikatika mjini. Paneli zetu hazihitaji kuinamishwa digrii 35 kama video za Ulaya zinavyoonyesha. Hapa jua linapita karibu na utosi. Digrii 10 hadi 15 zinatosha mvua kuosha vumbi na majivu. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu, itakufa mapema. Ikifa, asidi yake isimwagwe nyuma ya nyumba, kwa sababu ile ile ya choo. Kabla hujalipia mpya, mwambie muuzaji aichukue ya zamani nzima ikiwa na maji yake ndani, na apunguze bei: risasi iliyomo ina thamani yake, naye anajua.